Bodi Ikikataa, Maelezo Yananyamaza

Agiza bodi ya redio ya LoRa, ile ya kutumiana ujumbe mfupi hewani, kutoka China. Ikifika Mwanza, fungua bahasha: utakuta bodi yenyewe, antena fupi, safu mbili za pini ambazo hazijalehemiwa, na pengine kiwaya cha betri. Karatasi hakuna. Kwenye ukurasa wa bidhaa kuna picha ya bodi iliyozungukwa na majina ya pini kwa rangi za kila namna, kuna orodha ya sifa zake, na kuna kiungo cha kukupeleka kwenye mifano ya programu. Ukibahatika, mfano wa kwanza unakubali, neno linatoka bodi moja linatua nyingine, roho inatulia. Usipobahatika, hakuna pa kushika.

Nimesikia wengi wakilalamika kwamba bodi hizi hazina maelezo ya kutosha. Sikubaliani nao. Maelezo yapo tele: datashiti, yaani kijitabu cha kiufundi cha mtengenezaji, ya chipu ya redio peke yake ina kurasa zaidi ya mia, na video za mafunzo hazihesabiki. Kasoro iko kwingine. Maelezo haya yameandikwa na mtu ambaye bodi yake ilishawaka, akimwandikia mtu ambaye bodi yake itawaka. Habari za bodi inapokataa hazijaandikwa. Zimo vichwani mwa waliokwisha kuteseka, nao wanazitoa kwa mdomo, kwa WhatsApp, kipande leo kipande kesho, kwa yule anayejua wa kumuuliza. Anayetaka kuyaboresha maelezo ya bodi za redio aanzie hapo, kabla hajafikiria picha nzuri zaidi au kurasa nyingi zaidi.

Kwa mtu wa mbali hili linaweza kuonekana ni jambo la vijana wa chuo wenye muda wa kuchezea elektroniki. Kwa mwambao wa Ziwa Victoria lina uzito wake. LoRa ni mbinu ya kurusha ujumbe mfupi kwenda mbali kwa umeme kidogo. Ilibuniwa na kampuni ya Kifaransa, Cycleo, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Haihitaji laini ya simu wala bando. Mwenye vizimba vya sato anayetaka kujua joto la maji usiku, mwenye mtumbwi wa dagaa anayetaka kujua chombo chake kiko wapi, mwenye pampu ya bustani kule Magu anayetaka kujua kama tangi limejaa, wote wanahitaji baiti chache tu kila baada ya dakika kadhaa. Bodi yenye mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ya ESP32 na chipu ya LoRa inatosha kabisa. Na anayeiunganisha huku kwetu mara nyingi ni fundi wa simu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, au mwalimu wa fizikia mwenye udadisi. Mhandisi wa redio hayupo hapo karibu wa kumwuliza.

Nianze na mfano mmoja ambao unabeba karibu kila kitu ninachotaka kusema. Kuna maktaba ya programu, yaani programu iliyokwisha kuandikwa ili wengine waitumie ndani ya zao, inayotumika sana kwenye bodi zenye chipu ya redio ya SX1276. Mfano wake wa kwanza, bodi ikigoma, unaandika kwenye skrini ya kompyuta maneno haya: "Starting LoRa failed!" Kisha programu inajifungia kwenye mzunguko usio na mwisho. Basi. Kuanza kumeshindikana. Asante kwa taarifa.

Sasa tazama programu ilichokuwa inakijua dakika ile. Kabla ya kukata tamaa, iliiuliza chipu swali moja: rejista (kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya chipu) namba 0x42 ina nini? Chipu ya SX1276 iliyo hai hujibu 0x12, maana hapo ndipo namba ya toleo lake ilipohifadhiwa. Programu ikipata jibu lolote jingine inasema imeshindwa, na jibu lenyewe inalitupa. Lakini jibu hilo ndilo lenye habari! Likija 0x00, mara nyingi chipu haina umeme, au waya wa MISO, ule unaoleta majibu ya chipu, haujafika, au pini ya kuwashia upya imeshikiliwa chini. Likija 0xFF, laini inaelea, hakuna anayezungumza upande wa pili. Likibadilikabadilika kila ukijaribu, tafuta waya uliolegea au lehemu iliyopoa vibaya. Na kama bodi yako ina SX1262, chipu ya kizazi kilichofuata, swali lenyewe halina maana, kwa sababu chipu hiyo inapokea amri kwa mtindo tofauti kabisa.

Kwa hiyo ujumbe ungeweza kusomeka hivi: "Nimeuliza rejista 0x42, nilitarajia 0x12, nimepata 0x00. Kagua volti 3.3, waya wa MISO na pini ya kuchagua chipu." Ni mstari mmoja wa programu. Kijana aliyekaa Nyegezi na bodi mbili na mita ya umeme ya bei ya chini angejua pa kuweka ncha za mita yake. Bila mstari huo anaanza kupiga ramli: anabadilisha waya wa USB, anafuta programu, anaweka upya, anaagiza bodi nyingine. Najua watu walioweka bodi nzima kwenye droo kwa imani kwamba zimeungua.

Ujumbe wa kosa ni sehemu ya mwongozo. Hili nalisisitiza, kwa kuwa watengenezaji wengi wanaona mwongozo ni ile faili ya PDF, na yanayotokea kwenye skrini ni mambo ya mwandishi wa programu. Mtumiaji haoni mpaka huo. Saa ile bodi imegoma, ukurasa pekee alio nao mbele ya macho ni ule mstari mmoja.

Wapo wanaofanya vizuri, na si haki kuwanyima sifa. Maktaba ya RadioLib hurudisha namba kwa kila aina ya kosa: –2 maana yake chipu haikuonekana, –707 maana yake chipu imeshindwa kutekeleza amri. Zaidi ya hapo, waandishi wake wameeleza hali moja inayowasumbua watu wa SX1262. Baadhi ya moduli zina kioo cha kawaida cha kutengenezea mapigo, nyingine zina kioo maalumu kinachojirekebisha kwa joto na kulishwa umeme kupitia pini ya DIO3. Programu ikiambiwa ilishe kioo ambacho hakipo, chipu inagoma na –707 inatokea. Tiba ni kuweka volti ya kioo kuwa sifuri. Sentensi hiyo haifundishi nadharia yoyote. Inasema tu: ukiona hiki, fanya kile. Umbo hilo, dalili, sababu, tiba, ndilo linalokosekana kwenye karibu kila mwongozo wa bodi unaouzwa kwa bei tunayoimudu.

Mfano wa zamani kidogo unaonyesha jinsi maarifa ya namna hii yanavyopatikana. Moduli ya nRF24L01 ya masafa ya GHz 2.4, hasa ile yenye kikuza nguvu na antena ya nje, ilijulikana kwa ukaidi: inaanza vizuri, inapotea, inarudi. Watumiaji waligundua kwamba kapasita (kijihifadhi kidogo cha umeme) ya mikrofaradi 10 ikilehemiwa moja kwa moja kati ya pini ya umeme na ya ardhi, tabia hiyo inaisha, kwa sababu kikuza nguvu kinanyonya umeme kwa mshtuko na nyaya nyembamba haziwahi kuuleta. Kila mzoefu anaijua kapasita ile. Anayeanza leo, kwenye karatasi aliyopewa na muuzaji, haioni.

Tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo chanzo cha machozi mengi kuliko mengine yote: matoleo. Bodi moja maarufu ya LoRa yenye kioo kidogo cha kuonyesha maandishi imepita kwenye matoleo kadhaa. Toleo la pili lina ESP32 ya kawaida na SX1276. Toleo la tatu lina ESP32-S3 na SX1262. Jina ni lilelile na umbo linakaribiana sana. Pini namba 14 kwenye toleo la pili ndiyo ya kuwashia upya redio. Kwenye toleo la tatu namba 14 ni DIO1, ambayo redio hutumia kuiarifu mikrokontrola kwamba ujumbe umefika. Pini namba 21 ilikuwa ya kuruhusu umeme kwenda kwenye kioo; kwenye toleo jipya imekuwa ya kuwashia upya kioo chenyewe, na kazi ya umeme imehamia namba 36. Ukifuata mafunzo ya toleo la pili ukiwa na bodi ya toleo la tatu, programu inaweza kupakiwa bila kulalamika, kioo kinabaki cheusi, redio haisemi. Ni sawa na kumwelekeza mgeni akate kulia kwenye mwembe ambao ulishakatwa.

Mtengenezaji anajua kwamba pini zimehama, na mchoro mpya ameutoa. Asichofanya ni kurudi kwenye mchoro wa zamani na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: huu ni wa toleo la pili tu, geuza bodi yako, soma maandishi ya nyuma kabla hujaendelea. Baadhi ya bodi za LoRa zenye GPS zina maandishi kama "T22_V1.1" nyuma yake, madogo kiasi cha kuhitaji kamera ya simu ili kuyasoma. Maandishi hayo yanaamua kama bodi ina chipu ya kusimamia umeme au haina, na kama inayo ni ipi. Ilipaswa kuwa hatua ya kwanza ya kila mwongozo, kabla hata ya kuweka programu kwenye kompyuta. Ukifungua miongozo mingi, ama imewekwa mwishoni ama haimo.

Siku hizi kijana hamuulizi fundi kwanza, anaiuliza akili bandia. Anapata jibu safi, lenye heshima, lenye mpangilio, na lenye pini za toleo la pili zilizochanganywa na chipu ya toleo la tatu. Watu wanacheka wakisema mashine inaongopa. Mimi naona mashine imesoma tulichokiandika. Kama kurasa mia za mafunzo hazitaji toleo la bodi, mashine itajulia wapi? Kila ukurasa usio na toleo na tarehe sasa una madhara mara mbili: unampoteza msomaji wake, kisha unawapoteza wengine kupitia majibu ambayo hata chanzo chake hakionekani.

Suala la masafa linastahili ukali zaidi, kwa sababu hapa kosa la mwongozo linamgusa jirani. Mafunzo mengi ya Kiingereza yameandikwa Marekani, na huko bendi ya wazi kwa vifaa vidogo vya namna hii ni MHz 902 hadi 928, kwa hiyo mfano wa programu unakuja na 915 tayari imeandikwa ndani. Ulaya wanatumia maeneo ya 868, na kuna pia 433. Tanzania tuko kwenye Kanda ya 1 ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, pamoja na Ulaya na Afrika yote. Bendi ile ya Marekani kwetu si ya wazi hivyo. Simu za GSM za 900 hurusha kutoka mkononi kwenda mnarani kati ya MHz 890 na 915, na mnara hujibu kati ya 935 na 960. Yaani sehemu ya chini ya bendi ya Marekani imelala juu ya masafa ambayo mnara wa simu pale mlimani unayasikiliza ili kupokea simu za watu. Mwanafunzi anayepakia mfano wa 915 bila kubadili neno hajui kama amekaa mlangoni kwa mtu.

Mwongozo mwema ungefanya kama Meshtastic ilivyoamua: programu hiyo ya kutumiana ujumbe kwa LoRa, ukiiweka mara ya kwanza, eneo huwa halijachaguliwa, na redio hairushi kitu mpaka uchague. Kero ndogo yenye akili. Mifano mingine yote ingeweza kuacha nafasi ya masafa wazi na kuandika pembeni: jaza kwa mujibu wa sheria ya nchi yako. Kwetu jibu liko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, nao wanastahili kuulizwa kabla ya kurusha, si baada.

Halafu kuna tatizo la chini yake ambalo programu hailioni kabisa. SX1276 kwa maumbile yake inaweza kuwekwa popote kati ya MHz 137 na 1020. Ukiiambia 868 itakubali, hata kama vichujio vilivyolehemiwa kati ya chipu na antena ni vya 433. Ujumbe utafika kutoka meza moja hadi nyingine, utasema mambo safi. Ukitoka nje ya geti, kimya. Antena nazo zinafanana kwa macho. Waya ulionyooka wa robo ya wimbi ni karibu sentimita 17.3 kwa 433 na sentimita 8.6 kwa 868, lakini waya huo ukisokotwa kuwa springi ndogo huwezi kujua kwa rula. Muuzaji anaweka kwenye bahasha yoyote iliyokuwa karibu. Namba mbili kwenye kikaratasi, masafa ya bodi na masafa ya antena, zingetosha kumaliza hili, na siamini kwamba kikaratasi hicho kingepandisha bei.

Na hapa nifike kwenye umbali, kwa kuwa ndiyo sifa inayouza bodi hizi. Tangazo linasema kilomita 10, au 15, au "zaidi ya 10 kwenye eneo wazi". Ziwa ni eneo wazi. Hakuna jengo, hakuna mti. Kwa hiyo mtu wa Mwanza anaweka bodi moja kwenye mtumbwi na nyingine mwaloni, anasubiri kilomita 10, na ujumbe unakatika mapema sana. Anahitimisha kwamba tangazo ni uongo.

Tangazo si uongo kabisa, limeficha sharti. Wimbi la redio halisafiri kwenye mstari mwembamba kama uzi. Linahitaji nafasi kuzunguka mstari huo, na nafasi hiyo ni pana zaidi katikati ya njia. Kwa 868, kwenye umbali wa kilomita 5, nusu kipenyo cha nafasi hiyo katikati ni kama mita 21. Antena mbili zilizo mita 2 juu ya maji maana yake karibu nusu ya nafasi hiyo imezama ziwani, na juu ya hapo maji yanaakisi wimbi na kulirudisha likiwa limegeuka, linapigana na lile lililokuja moja kwa moja. Sasa hamisha antena moja tu. Iweke kwenye mwamba ulio mita 40 juu ya ziwa, nyingine ibaki mtumbwini kwenye mita 2: mstari unapita katikati ya njia kwa mita 21, na pale katikati karibu nafasi yote iko hewani. Mwanza, kwa miamba yake, ni mji uliojengwa kwa ajili ya jambo hili. Sisemi ukapande Jiwe la Bismarck, hilo liko chini majini na lina kazi yake ya kupigwa picha. Nasema vilima vya Capri Point, Bugando na vingine vinavyotazama maji ni minara ya bure.

Kwa hesabu tupu, bila kizuizi chochote, kupotea kwa nguvu kwenye kilomita 10 kwa 868 ni kama desibeli 111. Bodi inayorusha dBm 14 (dBm ni kipimo cha nguvu ya redio) ingefika huko na dBm –97, na LoRa inasikia chini ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo nguvu ipo. Kinachokosekana ni kimo cha antena juu ya maji au ardhi, na kimo hicho hakiandikwi kwenye tangazo wala kwenye mwongozo. Kilomita bila kimo cha antena ni namba isiyo na kazi.

Pia hawasemi walirusha kwa kasi gani. LoRa ina vipimo vya kutandaza ujumbe, na vinavyotumika zaidi ni kutoka SF7 hadi SF12. Ujumbe wa baiti 20, kwa upana wa kHz 125, unachukua karibu milisekunde 57 hewani kwenye SF7, na sekunde 1.3 hivi kwenye SF12. Ule wa pili unafika mbali zaidi, lakini unakula betri zaidi ya mara ishirini na unaziba hewa kwa wengine muda wote huo. Mwenye mitumbwi thelathini hawezi kuipanga yote kwenye SF12 na kutaraji kila mmoja apate zamu ya kusema. Jaribio la umbali lenye maana lina kimo cha antena zote mbili, masafa, SF, nguvu ya kurusha, na namba mbili ambazo chipu inazitoa yenyewe kila ujumbe ukifika, RSSI (nguvu ya wimbi lililopokelewa) na SNR (uwiano wa wimbi hilo na kelele). Ningeongeza moja ya kwetu: taa za kuvulia dagaa ziliwashwa au zilizimwa? Taa za LED zenye vibadilishaji vya umeme vya bei rahisi zinaweza kumwaga kelele ya redio hatua moja kutoka kwenye antena, na hakuna mwandishi wa Ulaya atakayeliwaza hilo.

Mengine niyapitie haraka. Waya wa USB wa kuchaji tu, usio na nyuzi za data, unafanana kabisa na wa kawaida, na kompyuta haitaiona bodi. Power bank nyingi hujizima zikiona bodi iliyolala inanyonya umeme kidogo mno. Kichwa cha betri hakina kanuni moja ya chanya na hasi, kipime kwa mita kabla ya kukichomeka. Kile kikombe kidogo cha antena kwenye bodi, aina ya u.FL, kimetengenezwa kwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 30 hivi, si kila siku darasani. Usirushe bila antena. Kila mzoefu anayajua haya. Yaandikwe.

Na yaandikwe kama maandishi. Video ya dakika 40 inayoonyesha mikono ya mtu ikiunganisha nyaya ni bando linaloungua, na ndani yake huwezi kutafuta "0x42". Picha ya programu ni vilevile, huwezi kuinakili. Ukurasa mwepesi wa maandishi unashuka kwenye simu hata mtandao ukiwa umelegea, na unasomeka ukiwa kisiwani.

Utetezi wa watengenezaji naujua. Bodi inauzwa kwa bei ndogo, faida ni kiduchu, toleo jipya linatoka kabla la zamani halijaisha dukani, nani amlipe mwandishi? Na wapo wazoefu wanaosema huu ni mchezo wa kujifunza, anayetaka kutafuniwa akanunue kifaa kilichokamilika. Utetezi wa kwanza una ukweli ndani yake. Wa pili siuheshimu. Kujifunza jinsi antena inavyofanya kazi ni kujifunza. Kutafuta wiki nzima kwamba pini 21 ilibadilishwa kazi si kujifunza chochote kitakachokufaa kesho.

Historia nayo haiko upande wa wabahili. Mwaka 2014 moduli ya ESP-01 yenye chipu ya ESP8266 ya Espressif ilianza kuzagaa duniani kwa bei ya kutupa, maelezo yake yakiwa ya Kichina. Wapenzi wa elektroniki wa nchi nyingine waliyatafsiri, wakajaribu amri moja moja, wakaandika inayofanya kazi na isiyofanya. Mwaka uleule kampuni ikatoa vifaa vya kuandikia programu, na chipu iliyokusudiwa kuwa kiungo cha WiFi tu ikageuka mikrokontrola ya kila mtu. ESP32 tunayoitumia leo ni mdogo wake. Waliofanya kazi ile hawakuwa waajiriwa wa mtu.

Basi kazi ya hapa Mwanza inaweza kuanza na watu ambao tayari wana wajibu wa kuandika. Kila mwaka wanafunzi wa elektroniki na kompyuta kwenye vyuo vya ukanda huu wanatoa ripoti za miradi yao. Nyingi zina sura ya kwanza ya kurasa nyingi kuhusu historia ya intaneti, na aya moja inayosema mfumo ulifanya kazi vizuri. Kisha ripoti inalala kabatini. Ningependa msimamizi adai ukurasa mmoja wa ziada: maandishi ya nyuma ya bodi yalisemaje, masafa gani yalitumika na kwa ruhusa ipi, antena ilikuwa juu kiasi gani, na mambo matatu yaliyokataa, kila moja na kilichoonekana kwenye skrini, kipimo kilichochukuliwa na tiba iliyokubali. Kwa Kiswahili, ili fundi wa pale Makoroboi ausome. Na ile tiba ipelekwe kwa Kiingereza chepesi kwenye hazina ya programu ya maktaba husika, ambako waandishi wake hupokea marekebisho ya mtu yeyote. Ukurasa uwekwe wazi mtandaoni, wenye tarehe. Ripoti isiyo na ukurasa huo irudishwe kwa mwenyewe.